Mwandishi Miongoni mwa Wasomaji Wake: Kongamano la Mashabiki na Kiburi cha Uhakiki

Wapo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili ambao, wanaposikia kwamba mwandishi wa bunilizi ya kisayansi huko Marekani au Uingereza ameiacha kazi yake tangu Ijumaa hadi Jumapili ili akakae hotelini na mashabiki waliovaa mavazi ya viumbe wa sayari za mbali, hutabasamu tabasamu la mtu mzima anayewatazama watoto wakicheza kombolela. Tabasamu hilo linastahili kuhojiwa. Limejengwa juu ya imani ambayo haitamkwi lakini imetawala mitalaa ya idara nyingi za Kiswahili, kwamba mwandishi wa kweli ana hadhira mbili tu za kuheshimiwa: mhakiki anayemchambua na mtahiniwa anayemkariri. Hoja ya makala hii ni kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili haikudumaa kwa uhaba wa vipawa wala wa msamiati. Imedumaa kwa kukosa kile hasa kinachochekwa, yaani wasomaji waliojumuika kwa hiari yao.

Hebu wikendi yenyewe itazamwe. Mwandishi asiyekuwa mgeni wa heshima aghalabu hulipa ada kama mtu mwingine yeyote, naye huitwa mwanachama. Waandalizi ni mashabiki wanaojitolea bila ya mshahara. Katika jopo la asubuhi mwandishi huketi pamoja na mwanafizikia, mhariri na pengine karani wa posta aliyekisoma kila kitabu kilichotajwa. Mchana huenda kwenye meza ndogo ambako wasomaji wachache waliojiandikisha mapema hunywa naye kahawa kwa muda wa saa moja. Usiku, maonyesho ya mavazi yakishamalizika, mazungumzo huhamia vyumbani hadi alfajiri. Mwandishi hana mimbari ya kujificha nyuma yake. Anayemuuliza swali hamwulizi ili apate alama, bali kwa kuwa amekinunua kitabu, amekisoma, na kuna jambo ndani yake linalomnyima usingizi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa swali la namna hiyo. Mnamo 1971, katika kongamano la dunia lililofanyika Boston, Larry Niven alitunukiwa Tuzo ya Hugo kwa riwaya yake Ringworld, inayosimulia habari za pete kubwa mno iliyojengwa kulizunguka jua. Katika kongamano lilo hilo wanafunzi wa MIT walipita katika kumbi za hoteli wakiimba kwamba pete hiyo si thabiti: kwa kanuni za mekanika ingepotoka mahali pake na hatimaye kuligonga jua. Niven hakulalamika kwamba wasomaji wake hawaelewi ishara. Alirudi kwenye suala hilo katika The Ringworld Engineers, iliyotoka takriban miaka 10 baadaye, na huko kutokuwa thabiti kwa pete kukawa ndicho kiini cha msuko. Hapa pana uhakiki uliozaa riwaya. Ni tasnifu ngapi za Kiswahili zinazoweza kujidai hivyo?

Jibu la kawaida ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye fedha na muda wa kuchezea. Jibu hili lina dosari ya kihistoria. Ujumuiya wa mashabiki haukuzaliwa hotelini; ulizaliwa katika ukurasa wa barua. Hugo Gernsback alipolianzisha jarida la Amazing Stories mwaka wa 1926, alizichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, nao wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, kisha kuunda vyama, kisha kukutana. Waliokutana Leeds mnamo Januari 1937 walikuwa watu wachache tu, mmojawapo akiwa Arthur C. Clarke, kijana wa miaka 19. Katika kongamano la kwanza la dunia, lililofanyika New York mwaka wa 1939, palihudhuriwa na watu wapatao 200, akiwamo Isaac Asimov, naye pia wa miaka 19, na Ray Bradbury aliyekuwa hajatimiza hata umri huo na ambaye alisafiri kwa nauli ya kukopa. Hao ndio "wenye fedha" wanaosemwa.

Sasa msomi yeyote wa ushairi wa Kiswahili na aulizwe kama ukurasa wa namna hiyo ni mgeni kwake. Mambo Leo lilianza kuchapishwa mwaka wa 1923, miaka mitatu kabla ya jarida la Gernsback, na katika kurasa zake, kama baadaye katika Baraza na Taifa Leo, wasomaji walitunga, wakaulizana mafumbo, wakajibizana kwa jina na kwa mji. Mtu wa Tanga alimjibu wa Mombasa ambaye hajapata kumwona usoni. Waliosahihishana mizani walikuwa makarani, walimu na mabaharia, na hapakuwa na profesa aliyewapa ruhusa. Chimbuko la kongamano la mashabiki, basi, Waswahili walikuwa nalo nyumbani. Nathari haikubahatika kulirithi. Riwaya ilipoingia shuleni iliingia kama kitabu teule, ikatenganishwa na mazoea ya kujibizana, na msomaji wake akafundishwa kunyamaza hadi atakapoulizwa swali lenye vipengele (a) na (b).

Itakuwa ni udanganyifu, hata hivyo, kulisifu kongamano la mashabiki bila ya kuzitaja aibu zake, nazo si haba. Lile la 1939 lenyewe lilianza kwa kuwafungia mlango baadhi ya mashabiki, miongoni mwao Donald Wollheim na Frederik Pohl, kwa sababu ya ugomvi wa makundi na siasa. Samuel Delany, mmoja wa waandishi weusi wa awali kupata sifa kubwa katika utanzu huu, aliandika mwaka wa 1998 juu ya ubaguzi uliomo ndani yake, na mojawapo ya vielelezo vyake ilikuwa ratiba: jinsi alivyopangwa mara kwa mara kuketi pamoja na Octavia Butler, ingawa kazi zao hazifanani, kwa kuwa wote wawili ni weusi. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo jambo zito katika maelezo yake, kwamba ubaguzi unaweza kufanya kazi kwa tabasamu na kwa nia njema ya mpanga ratiba. Delany alitahadharisha pia kwamba chuki ya wazi ingejitokeza pale idadi ya waandishi wasio weupe itakapokuwa kubwa kiasi cha kuonekana kuwa tishio. Mnamo 2015 kundi lililodai kwamba tuzo zimetekwa na "siasa" lilijaza orodha za wateule kwa kura za mpango. Wanachama wengine wakapiga kura ya kutomtunuku yeyote katika vitengo 5. Mwaka uliofuata N. K. Jemisin alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kuitwaa Hugo ya riwaya bora, akaitwaa tena 2017 na 2018.

Kisha ikaja fedheha ya Chengdu. Baada ya kongamano la dunia la Oktoba 2023 katika mji huo wa China, takwimu za upigaji kura zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kwamba kazi kadhaa, Babel ya R. F. Kuang ikiwa mojawapo, zilikuwa zimetangazwa kuwa hazistahiki, bila ya sababu yoyote kutolewa. Mwezi uliofuata Chris Barkley na Jason Sanford walichapisha ripoti yenye barua za ndani, zikionyesha kwamba wasimamizi wa tuzo kutoka nchi za Magharibi ndio waliokuwa wakikusanya habari za kisiasa juu ya walioteuliwa. Mpinzani wa makongamano haya atasema: tazameni, wasomaji wakipewa kura huiba. Lakini ni nani aliyeufichua wizi? Si wizara, si chuo kikuu. Ni wasomaji hao hao, waliozisoma tarakimu kwa bidii ile ile ambayo wenzao wa 1971 waliitumia kuipima pete ya Niven. Waandalizi wa Glasgow, waliofuata mwaka wa 2024, walilazimika kufanya kazi hadharani. Walitangaza kabla ya sherehe kwamba kura 377 zilikuwa za hila na zimefutwa. Taasisi inayochapisha aibu yake kwa tarakimu ina uhai. Vitabu teule vya Kiswahili huchaguliwa na kamati, na mwananchi aliyevisoma hana hata fomu ya kuulizia ni vipi vilivyoshindwa, na kwa nini.

Kuna funzo jingine katika China, na linahusu lugha. Mwaka wa 1983, wakati wa kampeni dhidi ya kile kilichoitwa uchafuzi wa kiroho, bunilizi ya kisayansi ilishambuliwa huko na majarida yake mengi yakafa. Moja la Chengdu, lililoanzishwa 1979 na ambalo baadaye liliitwa Kehuan Shijie, lilinusurika na kuwalea wasomaji wake kwa Kichina. Ndani yake riwaya ya Liu Cixin ilichapishwa kwa mfululizo mwaka wa 2006. Ilipopata Hugo mwaka wa 2015, kwa tafsiri ya Ken Liu, ilikuwa riwaya ya kwanza ya kutafsiriwa kuipata; lakini kufikia hapo ilikwisha kuwa na umma wake nyumbani. Waandishi wa Afrika Mashariki wanaohimizwa leo kuandika kwa Kiingereza ili "wafike" kwenye makongamano hayo wanaelekezwa njia iliyogeuzwa nyuma mbele.

Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka mwaka wa 1995. Dzombo anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo cha kumpeleka angani akafe, na badala ya kufa anatua katika sayari ambayo jina lake lenyewe, wale ni sisi, ni hoja. Baada yake ilikuja Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila, na kabla yake Nagona (1990) ya Kezilahabi ilikwisha kuvunja kuta za uhalisia. Kazi hizi zimehakikiwa, na zimehakikiwa kwa ustadi. Lakini tazama namna zinavyosomwa: chombo cha Dzombo hugeuzwa mara moja kuwa ishara, sayari kuwa istiari ya ujamaa, anga kuwa jazanda ya ukombozi. Shabiki angeuliza kwanza kinaendeshwa kwa nishati gani, safari huchukua muda gani, na huko kunavutwa hewa ipi. Mhakiki huyaona maswali hayo kuwa ya kitoto. Ilhali mwandishi anayejua kwamba ataulizwa huijenga dunia yake ikasimama, na istiari iliyosimama juu ya dunia thabiti hubeba mzigo mkubwa kuliko ile inayoelea. Mwandishi anayejua kwamba hataulizwa ila maudhui na wahusika huandika maudhui na wahusika.

Mkangi alifariki mwaka wa 2004. Wapo walio hai wanaoandika bunilizi ya namna hii kwa Kiswahili, na wapo vijana wanaoisoma bila ya kutumwa na mwalimu. Makongamano ya Kiswahili hufanyika kila mwaka katika vyuo vya Kenya na Tanzania, yana kumbi, yana chai, na ratiba zake hujaa makala zinazosomwa kwa dakika 15 kila moja mbele ya wasomaji wa makala nyingine wanaongoja zamu. Saa moja inaweza kupatikana humo: meza, viti kumi, mwandishi, na watu waliokwisha kukisoma kitabu, huku mwenyekiti wa kikao akiombwa akae nje.