Sahani ya Mjini na Chungu cha Nyumbani

Kijana msomaji, uko ugonjwa usio na homa wala kikohozi, lakini huenea katika mitaa yetu upesi kuliko mafua. Ugonjwa huo ni kuonea haya chakula cha kwetu. Dalili zake hazifichiki. Mtu amezaliwa Kaloleni au Jericho, amelelewa kwa githeri, sukuma wiki na chai ya maandazi. Siku moja hualikwa katika mkahawa mpya wa Kifaransa katikati ya jiji la Nairobi, akala kwa kisu na uma, akarudi mtaani usiku akiwa mtu mwingine. Kesho yake hupita mbele ya kibanda cha jirani na kugeuza uso, kana kwamba hakupata kusimama pale na sahani mkononi. Picha ya sahani ya mjini humwonyesha kila rafiki. Sufuria iliyomkuza huificha mgeni akibisha hodi.

Insha hii yapigana na ugonjwa huo. Haipigani na Wafaransa, wala na mikahawa yao. Kula chakula cha watu wengine ni njia moja ya kujuana nao, na kujuana ni jambo jema. Linalopingwa hapa ni fikira kwamba mtu hupanda daraja kwa kula cha wengine, na hushuka kwa kula cha kwao.

Tutazame kwanza fikira hiyo ilikotoka. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Ilipokua, watawala wa kikoloni waligawa makao kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Muthaiga na pande nyingine za juu. Wahindi walikaa Ngara na Parklands. Waafrika walipangiwa upande wa mashariki, katika Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni na Bahati. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na nyingine kubwa zikafuata. Kwa miaka mingi Mwafrika aliziingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, dobi au mtumishi wa meza. Kwa mlango wa mbele, akiwa mlaji mwenye fedha zake, hakukaribishwa. Kwa hiyo chakula cha katikati ya mji kikawa alama ya ubwana, na chakula cha mashariki ya mji kikawa alama ya unyonge. Githeri haikuwa na hatia katika jambo hili. Hatia ilikuwa ya watu waliotenga meza kwa rangi.

Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Alan Bobbé alifungua mkahawa wa Kifaransa katikati ya jiji, katika barabara ambayo sasa yaitwa Koinange. Mkahawa huo ulisifika kwa miaka mingi. Tangu wakati huo mikahawa mingine ya namna hiyo imefunguliwa na kufungwa. Ubaguzi wa rangi uliondoka mlangoni, lakini bei ikaketi mahali pake. Sahani moja huweza kugharimu fedha ambazo zingelisha nyumba nzima ya Makadara kwa siku kadhaa. Mlaji wa leo hatazamwi uso wake, hutazamwa mfuko wake. Naye aliyepita mlango huo mara moja hujiona amevuka bahari!

Lakini mkahawa huo ni kitu gani huko kwao? Bistro, kama Wafaransa waiitavyo, si jumba la wafalme. Ni mkahawa mdogo wa mtaani, ambamo watu wa kazi hula chakula cha kawaida, na mwenye mkahawa aghalabu huwajua wateja wake kwa majina. Kivitazame vyakula vyenyewe. Pot-au-feu ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole pamoja na karoti na mboga nyingine. Coq au vin kwa asili ni jogoo mkongwe, mgumu wa nyama, aliyelainishwa kwa kupikwa muda mrefu katika mvinyo. Cassoulet, chakula cha kusini ya Ufaransa, ni maharagwe na nyama vilivyopikwa chunguni kwa saa nyingi. Jogoo mkongwe, maharagwe, nyama ya kuchemsha: hii ni hekima ya watu wasiokuwa na kitu cha kutupa. Mama wa Shauri Moyo aamkaye kabla ya jua kuchemsha matumbo mpaka yalainike, naye atiaye mahindi na maharagwe katika sufuria moja, wana hekima iyo hiyo. Anayemwinamia yule wa Ufaransa na kumcheka huyu wa kwetu hajui anachokisifu.

Tena wako waulizao: mbona chakula cha Wafaransa chasifiwa duniani kote, na chetu hakisifiwi? Jibu ni kwamba wao walianza kukisifu wenyewe. Walikiandika vitabuni, wakawafundisha watoto wao, wakaketi mezani kwa utaratibu na kukizungumzia kama watu wazungumzavyo juu ya mashairi. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuandika mlo wao wa sherehe katika urithi wa wanadamu. Dunia ilikiheshimu kitu ambacho wenyewe wamekiheshimu kwanza. Mwenye mali akiitupa jaani, mpita njia ataiokota kwa sababu gani?

Nasi tunao mfano wetu, ijapokuwa wachache huutaja. Mboga kama mnavu, kunde na mgagani zilidharauliwa kwa muda mrefu, zikaitwa chakula cha maskini na cha wazee. Wataalamu wa Kenya, miongoni mwao wa Makumbusho ya Taifa, walikusanya majina yake, mapishi yake na manufaa yake. Leo mboga hizo zauzwa katika masoko na maduka makubwa ya Nairobi. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Mboga hazikubadilika hata kidogo. Jicho la mtu ndilo lililobadilika.

Huenda mpinzani akasema kwamba vyakula vya mtaani vyenyewe si vya asili. Asema kweli. Mahindi yalitoka Amerika. Chapati ilikuja na watu wa Bara Hindi. Majani ya chai yalipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Lakini neno hilo lausaidia upande wetu. Watu wa mitaa ya mashariki hawakupata kuogopa chakula kigeni. Walikipokea, wakakipika kwa mikono yao, kikawa chao bila ya kumdharau mtu. Mbele ya meno ya watoto wa Bahati, chapati haina uraia mwingine ila wa Bahati. Huko ndiko kupokea kwa mtu huru. Limbukeni hupokea kwa namna nyingine: hukumbatia kipya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humsukuma mama yake.

Tena na tujue ni nani aipikaye na kuilisha sahani hiyo ya mjini. Maharagwe mabichi yaitwayo mishiri sokoni, ambayo hupambwa kando ya nyama katika mikahawa ya kigeni, hulimwa na wakulima wa Kirinyaga na Murang'a, na mengi husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya. Chuo cha Utalii kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kimewafundisha vijana wengi wa Kenya upishi wa hoteli. Wengi wa wapishi na watumishi wa mikahawa ya katikati ya jiji hurudi usiku kwa matatu katika mitaa ile ile ambayo limbukeni huionea haya. Mkono uliokupakulia mchuzi wa Kifaransa saa mbili ya usiku huenda ndio uliovunja githeri ya jana saa kumi na moja ya alfajiri. Je, mkono huo ni wa thamani mjini na duni mtaani?

Mpinzani ana neno moja zito zaidi: vibanda vingine ni vichafu. Hatutalificha. Maji ya shida, mitaro iliyo wazi na vumbi la barabara si viungo vya chakula, na anayeuza chakula bila ya kunawa hastahili kutetewa. Lakini uchafu ni ugonjwa wenye dawa, na dawa yake ni maji ya mfereji, mitaro iliyofunikwa, na ukaguzi wa haki. Dharau haijapata kuosha sahani hata moja. Mtu akikidharau kibanda, hataona sababu ya kukidai maji. Na siku kitakapobomolewa bila ya mwenyewe kuonyeshwa mahali pengine, atanyamaza, maana kwa macho yake hakuna kilichopotea.

Hapo ndipo jambo hili liachapo kuwa la ulimi na kuwa la haki. Nyuma ya vibanda vya Burma, Gikomba na Makongeni wako wanawake na wanaume waliolipa karo kwa chapati, kodi ya nyumba kwa maharagwe, na dawa za wazee kwa chai. Wanafunzi wengi wa mitaa hii huketi darasani kwa jasho la majiko hayo. Mwanafunzi akijifunza kuona haya kwa jiko lililomsomesha, elimu yake imempa macho ikamnyima moyo. Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Nao hawakusema ni mtumwa wa nani, kwa sababu mtumwa wa namna hiyo hujitafutia bwana mwenyewe.

Basi, kijana msomaji, ukialikwa mjini nenda. Kaa wima, kula kwa adabu, uliza chakula kimepikwaje, mshukuru mpishi na mtumishi kwa lugha yako. Ukirudi mtaani, simama kibandani kwa adabu iyo hiyo. Sema asante kwa sauti ile ile. Lipa bila ya kupunguza bei ambayo mjini hukuthubutu kuipunguza. Jifunze kwa mama yako kipimo cha chumvi na muda wa moto, ukiandike katika daftari, kama Wafaransa walivyoyaandika ya mama zao. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mjini utakunjwa jioni mlango ufungwapo, na utahitaji mahali pako pa kuketi.