Programu ya hesabu ikigoma wakati wa kufunga: Fedha za kikundi ziko salama kiasi gani?

Mwisho wa mwaka ndio msimu wa kuvunja vikoba. Vikundi vya kuweka na kukopa vinafunga hesabu, wanachama wanagawana hisa na faida, na kila mmoja ana mpango wake: ada ya mtoto mwezi Januari, mbegu na mbolea, bati za nyumba. Zamani hesabu hizo zilikaa kwenye daftari kubwa. Leo vikundi vingi, pamoja na baadhi ya vyama vya ushirika vya msingi, vinaziweka kwenye lahajedwali, yaani ile programu ya kompyuta yenye safu na mistari inayojumlisha yenyewe. Wengi wanaijua kwa jina la Excel.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua makatibu wengi. Katibu anamaliza kuandika marejesho, anabonyeza alama ya kufunga, kioo kinaganda na kuwa cheupe, kisha ujumbe unatokea kwamba programu imeacha kufanya kazi. Akiifungua tena hana uhakika kama kilichomo ni cha leo au cha wiki iliyopita. Kwa fundi hilo ni jambo dogo. Kwa wanachama wanaosubiri mgao ni swali zito: hesabu zimepotea zenyewe, au kuna mtu kazipoteza?

Msikilizaji wetu, katika makala haya tunaeleza hitilafu hiyo inatoka wapi, hatua za kuitatua, na kwa nini inamhusu hata mwanachama ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Siku hiyo hiyo iliacha pia kuhudumia Office ya mwaka 2016 na ya mwaka 2019, ambamo Excel imo. Kompyuta hazikuzimika. Zinaendelea kuwaka na mafaili yanafunguka. Kilichokoma ni marekebisho: hitilafu mpya ikigunduliwa katika matoleo hayo ya Office, mtengenezaji hatoi tena dawa yake.

Kwa upande wa Windows 10 upo mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, lakini ni lazima kompyuta isajiliwe. Kuhamia Windows 11 nako kuna kikwazo, kwa sababu mfumo huo unadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Na kompyuta za vikundi vijijini kwa kawaida ni zile zilizonunuliwa mkono wa pili, au zilizotolewa na mradi ambao umeshaondoka. Ndiyo maana hitilafu za aina hii zinatarajiwa kuongezeka kadiri mashine hizo zinavyozeeka.

Kinachotokea unapobonyeza kufunga

Kufunga programu kunaonekana kama kufunga mlango, lakini ndani kuna kazi kadhaa. Kwanza, programu inauliza kama uhifadhi mabadiliko. Pili, inaandika faili kwenye diski. Tatu, inaziambia programu-nyongeza zote zilizojipachika ndani yake zimalize kazi zao. Nne, inafuta mafaili ya muda na kuirudishia kompyuta nafasi iliyokuwa inaitumia.

Ikigoma katika hatua ya tatu au ya nne, kazi yako imeshaandikwa. Ujumbe unatisha, lakini fedha za wanachama ziko pale pale kwenye faili. Ikigoma katika hatua ya pili, kazi ya siku iko hatarini, na faili lenyewe linaweza kuharibika.

Kutokana na hilo inapatikana kanuni moja rahisi: tenganisha kuhifadhi na kufunga. Bonyeza vitufe vya Ctrl na S kwa pamoja, subiri mpaka programu imalize, ndipo ufunge. Usingoje swali la mwisho la kukuuliza kama unataka kuhifadhi. Aliyehifadhi kwanza, hata programu ikianguka wakati wa kufunga, hana cha kupoteza. Ukitaka uhakika, tazama kwenye folda saa ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Kama ni saa uliyohifadhi, kazi imeingia.

Hatua za kumtafuta mchawi

Makosa mengi hufanyika dakika chache baada ya programu kuanguka. Mtu anafungua, anaona namba za zamani, anachanganyikiwa, anahifadhi juu yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kunakili. Tengeneza nakala ya faili, ipe jina lenye tarehe ya leo, na ile ya mwanzo usiiguse. Excel ikifunguliwa baada ya kuanguka huonyesha pembeni orodha ya mafaili iliyoyaokoa. Yafungue na kuyalinganisha kabla ya kuifuta orodha hiyo. Kwa mpangilio wake wa kawaida huweka kumbukumbu ya kuokoa kila baada ya dakika 10, hivyo unaweza kukosa kazi ya dakika chache za mwisho.

Hatua ya pili ni kujua ugonjwa uko wapi. Fungua ukurasa mpya mtupu, andika namba moja, hifadhi, funga. Kama nao unagoma, tatizo liko kwenye programu au kompyuta. Kama unafunga vizuri na linalogoma ni faili la kikundi peke yake, tatizo liko kwenye faili.

Tuseme tatizo ni programu. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukiifungua Excel. Itakuuliza kama unataka kuanza katika hali salama, kubali. Katika hali hiyo inaanza bila programu-nyongeza. Ikifunga bila shida, basi mkosaji ni mojawapo ya nyongeza hizo. Nenda kwenye mipangilio, sehemu iliyoandikwa Add-ins, uzizime zote, kisha uwashe moja moja huku ukijaribu kufunga kila mara. Itakayoleta shida umeshaijua.

Kama hata hali salama haisaidii, angalia printa. Excel huwasiliana na printa iliyochaguliwa ili kupanga kurasa, na printa ambayo haipo tena, kwa mfano ile ya steshenari ulikochapisha mwezi uliopita, inaweza kuikwamisha. Chagua printa nyingine au ile ya kutengeneza PDF. Hakikisha pia diski haijajaa. Mwisho kabisa, mwambie fundi airekebishe Office kupitia orodha ya programu za kompyuta kabla ya kukimbilia kufuta kila kitu na kuweka upya.

Tuseme sasa tatizo ni faili. Unapolifungua kupitia menyu ya kufungua, usibonyeze moja kwa moja: pembeni ya kitufe kuna kishale kidogo chenye chaguo la Open and Repair, yaani fungua na urekebishe. Ikishindikana, lifungue kwa LibreOffice, programu ya bure inayosoma mafaili ya Excel, kisha ulihifadhi kwa jina jipya. LibreOffice nayo ikigoma wakati wa kufunga, kwenye menyu yake ya msaada kuna njia ya kuiwasha upya katika hali salama.

Na flashi? Faili lisifanyiwe kazi likiwa ndani ya flashi. Linakiliwe kwenye kompyuta kwanza, lifanyiwe kazi, lihifadhiwe, programu ifungwe, kisha lirudishwe. Flashi inayochomolewa wakati programu bado inaandika huacha faili nusu.

Hata wakubwa wamekwama

Tusidhani haya ni matatizo ya kijijini. Oktoba 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati.

Programu ile haikuanguka hata kidogo, na hilo ndilo la kujifunza. Programu inayoanguka inapiga kelele na katibu anashtuka. Inayopoteza namba kimya kimya haimshtui mtu. Kwa hiyo kutibu kuanguka peke yake hakutoshi kama hakuna mtu anayelinganisha jumla za kompyuta na kitu kingine.

Kufuli tatu zimekwenda wapi?

Mtindo wa vikundi hivi, ambao chimbuko lake ni mradi wa shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, umejengwa juu ya uwazi. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Sasa tazama faili. Liko kwenye kompyuta moja, nywila anayo mtu mmoja, na wanachama wengine hawajui hata linaitwaje. Tumeondoka kwenye kufuli tatu tukaenda kwenye ufunguo mmoja, kisha tunashangaa wanachama wakinong'ona. Katibu mwaminifu ambaye kompyuta yake imegoma hana namna ya kujitetea. Asiye mwaminifu naye amepata kisingizio kizuri: "Mashine imekula."

Chukua mfano. Kikundi cha watu 30 wanaokutana kila wiki kwa mwaka kina maingizo 1,560 ya hisa peke yake, bila mikopo wala faini. Kila ingizo likiwa shilingi 6,000, hizo ni shilingi 9,360,000. Kuzijenga upya kwa kumbukumbu za vichwani haiwezekani bila ugomvi.

Upo pia upande wa sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne, na usajili wake unapitia halmashauri. Halmashauri hizo hizo ndizo zinazotenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi ambacho hesabu zake hazisomeki kina kazi ngumu ya kujieleza kwa wanachama, na ngumu zaidi kwa mkopeshaji.

Kufuli mpya ni simu yako

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye daftari. Daftari nalo huungua, hulowa na huliwa na mchwa. Tunaloliona sisi ni kwamba daftari na kompyuta vikae pamoja, na simu za wanachama ziwe mashahidi.

Baada ya kila mkutano, katibu ahifadhi faili, atengeneze PDF ya ukurasa wa siku hiyo, na aitume kwenye kundi la WhatsApp. PDF haijumlishi wala haibadiliki kwa bahati mbaya; inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Asiye na simu ya kupokea faili asomewe jumla yake na aiandike kwenye kitabu chake cha hisa. Faili lenyewe liwe na nakala mbili nje ya kompyuta, kwa watu wawili tofauti, kila moja na tarehe yake. Nywila ya kompyuta iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, na iwekwe ndani ya sanduku la kufuli tatu.

Kikundi kikifanya hivyo, programu ikigoma wakati wa kufunga itabaki kuwa kero ya katibu na fundi wake, na mgao utaendelea. Kwa hiyo kwenye mkutano ujao, kabla ya hisa kuhesabiwa, nyoosha mkono uulize mambo matatu. Faili letu liko wapi? Nakala ya mwisho ni ya tarehe ngapi? Na kompyuta isipowaka kesho, nani mwingine anaweza kutuonyesha hesabu zetu? Kiongozi mwenye majibu hatakasirika kuulizwa.