Hesabu Isiyopanda Mlima

Msomaji, ikiwa wewe ni mwanafunzi katika Kisii au Nyamira, yamkini umepata kumwona mgeni kandoni mwa uwanja siku ya michezo, daftari mkononi. Huyo hutafuta vijana hodari wa mpira, ili shule yake iwasaidie karo nao waichezee. Siku hizi wako waliobadili daftari kwa tarakilishi. Mabao na mechi za kila kijana hutiwa humo, na jedwali litokalo ndilo liamualo fedha zimwendee nani. Vyuo vikuu vya Marekani hufanya vivyo hivyo kwa mpira wao wa Kimarekani, kwa fedha zisizo na kifani kwetu.

Mimi napinga. Sipingi kuhesabu, mwalimu apingaye hesabu atafundisha nini? Napinga kumpa mhesabu mamlaka juu ya mahali ambapo hajafika.

Tazama mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Ron Clarke wa Australia ndiye aliyeshika rekodi ya dunia, dakika 27 na sekunde 39.4, aliyoiweka Oslo mwaka 1965. Jedwali la nyakati lingalimpa fedha zote. Lakini Oslo iko pwani, na jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka hoi. Aliyeshinda ni Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Uandike muda huo peke yake, usiutaje mwinuko, na Temu ataonekana mkimbiaji wa kawaida!

Utasema Temu alikwisha kumshinda Clarke huko Kingston mwaka 1966, katika maili sita, hivyo mhesabu mwangalifu angalijua. Kweli, nami nashukuru kwa kunikumbusha. Ilijulikana kwa sababu Temu alipelekwa kukimbia mbele ya watu wenye saa. Je, kijana wa Borabu ambaye shule yake haina nauli ya kwenda mashindanoni? Katika jedwali ana sifuri, na sifuri hiyo ni ya nauli, si ya miguu yake.

Nimepata kuketi katika kamati moja tukilisoma jedwali la namna hiyo. Fedha zote zilikwenda kwa vijana wa mjini waliocheza mechi nyingi. Kipa mmoja wa mlimani, niliyemwona kwa macho yangu, hakuwamo. Nikainua mkono pamoja na wenzangu, nisiseme neno.

Basi theluthi moja ya fedha hizo na itengwe iwe nauli ya kocha kwenda kuwatazama wasioandikwa. Mwenye tarakilishi atanung'unika kwamba ni fedha za kupotea. Na aulizwe ni wangapi katika jedwali lake la mwaka juzi wanaocheza hata sasa. Hesabu hiyo sijamwona akiifanya.