Simulizi za vita: riwayani hupendeza, mahakamani hutiliwa shaka

Mwaka 2007 Dinaw Mengestu, mzaliwa wa Addis Ababa, alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Beautiful Things That Heaven Bears. Mhusika mkuu, Sepha Stephanos, ana duka dogo eneo la Logan Circle, mjini Washington. Alikimbia Ethiopia baada ya wanajeshi kumchukua baba yake katika mauaji ya miaka ya 1970. Rafiki zake, Joseph wa Kongo na Kenneth wa Kenya, hushiriki naye mchezo wa ajabu: mmoja humtaja dikteta wa Afrika, mwingine sharti aseme nchi na mwaka wa mapinduzi.

Mengestu mwenyewe aliondoka Ethiopia akiwa na umri wa miaka miwili. Wasomaji hawakumdai ushahidi. Nchini Uingereza kitabu hicho kilitunukiwa tuzo ya gazeti la Guardian.

Mkimbizi halisi anayeomba hifadhi Washington, au ng'ambo ya mto Potomac huko Virginia, hana nafasi hiyo. Sheria ya Real ID, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Mei 2005, inamruhusu jaji kumhesabu mwombaji kuwa si mkweli kwa tofauti yoyote katika maelezo yake, hata isiyogusa kiini cha madai. Ni kweli kwamba sheria inamtaka jaji apime mazingira yote. Hata hivyo, mlango wa shaka umeachwa wazi mno.

Katika riwaya yake ya pili, How to Read the Air ya mwaka 2010, Mengestu alilikabili suala hili waziwazi. Jonas, mfanyakazi wa kituo cha wakimbizi mjini New York, huyatia chumvi maelezo ya waombaji hifadhi, kwani mateso ya kawaida hayamshtui tena msikilizaji. Chumvi hiyo humponza asiyeongeza neno.

Kwa Waethiopia kuna mtego mwingine. Saa zao huhesabiwa kama zetu Waswahili: saa mbili usiku kwao ndiyo saa nane kwa Mmarekani. Aidha, kalenda yao iko nyuma kwa miaka saba au minane. Vita vya Tigray vilivyozuka Novemba 2020 vilianza, kwa hesabu yao, mwaka 2013. Mkalimani akikosea mara moja tu, faili la mwombaji huwa na tarehe mbili za tukio lilelile.