Namba haimjui mkubwa
SAFU YA JUMAPILI
Na Zuhura Mbwambo

Msomaji, leo chukua kalamu na karatasi. Weka simu kando, kisha zidisha 641 kwa 6,700,417 kwa mkono, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Ukiwa makini utapata 4,294,967,297. Kwa kuzidisha huko kumoja utakuwa umemsahihisha mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17.

Huyo ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa. Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4. Nayo 4 kwa yenyewe upate 16. Endelea hivyo hivyo. Kila namba uiongezee 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kwamba msururu wote ni tasa, akawaandikia wenzake, ingawa alikiri hana uthibitisho. Namba ya sita ni ile uliyoipata kwenye karatasi yako.

Mwaka 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Leonhard Euler, kumuuliza juu ya dai hilo. Mwaka 1732, akiwa St Petersburg na umri wa miaka 25, Euler alijibu: namba ya sita inagawanyika kwa 641. Njia aliyoieleza baadaye inapendeza. Kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linazifagia karibu namba zote. Ukianzia chini zinasalia 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kazi iliyoonekana haina mwisho ikawa majaribio matano.

Hadi leo, zaidi ya zile tano za mwanzo, haijapatikana tasa nyingine katika msururu huo.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na Fermat alikuwa jungu kuu kweli. Lakini mifano mitano haikuwa uthibitisho, hata ilipotoka kwake. Ndiyo maana nasikitika ninapowasikia watoto wetu wakiimba orodha ya namba tasa hadi 97 bila kuulizwa hata mara moja: umejuaje kwamba 91 haimo? Inagawanyika kwa 7, na mtoto angeweza kuligundua hilo mwenyewe.

Mwalimu, kesho andika 4,294,967,297 ubaoni. Wape wanafunzi lile sharti la 64, kisha uwaache watafute. Na mwanafunzi akikuuliza, “Mwalimu, tumejuaje?”, usimwone mkosefu wa adabu. Huyo ameshaanza kusoma hisabati.