Zakayo hakuchangia paa la sinagogi

Tangu 2023 jina Zakayo limekuwa mzaha wa Wakenya. Rais William Ruto alibandikwa jina hilo kwa sababu ya ushuru, na yeye mwenyewe amewahi kulitaja hadharani. Lakini hadithi yenyewe, iliyo Luka sura ya 19, ina mwisho ambao wengi huuruka. Zakayo anashuka mtini, anamkaribisha Yesu kwake, halafu anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Hakuitisha maikrofoni wala hakuchangia paa la sinagogi. Pesa zilirudi kwa wenyewe.

Naitaja kwa sababu kila ukisema wanasiasa watolewe mimbarini, hakosi mtu wa kukujibu: "Kwani Yesu hakula na watoza ushuru?" Alikula nao, ndiyo. Mheshimiwa aje, aketi kwenye benchi, aimbe na atubu kama sisi wengine. Shida ni ile bahasha inayomtangulia, na kimya kinachoifuata. Ukishapokea milioni za mtu, utamhubiria nini kuhusu wizi?

Wapo waliolielewa hili. Novemba 2024 Rais alizuru kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa Sh2.6 milioni na kuahidi nyingine Sh3 milioni. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akasema zirudishwe. Ni yale yale ya Petro na Simoni mchawi kule Samaria. Lakini Machi 2025 kanisa lingine, Roysambu, liliahidiwa Sh20 milioni, na Jumapili iliyofuata vijana waliofika kuandamana wakarushiwa vitoa machozi. Vitoa machozi, siku ya ibada!

Wakati huo mahubiri kwa vijana ni yale yale: suruali za kubana, rasta, hereni, nani amehamia kwa nani bila harusi. Sisemi mambo hayo hayana maana. Ila Yesu aliwakemea Mafarisayo waliotoa zaka hadi ya mnanaa na jira, huku wakiacha haki na rehema. Dawa zikikosekana hospitalini kwa sababu mtu amekula pesa, hiyo nayo ni dhambi, tena ina majeruhi. Mbona haihubiriwi?

Sasa nigeuke upande wetu, na hapa najua sitapendwa. Pasta naye ana hoja. Kodi ya ukumbi inadaiwa, vipaza sauti vimeharibika, na kijana aliyeandika mtandaoni kwamba kanisa limeuzwa huacha shilingi ishirini kwenye kikapu, kisha anapitia kununua chipsi na kuku za mia nne. Mjane wa senti mbili alitoa vyote alivyokuwa navyo. Ukimnyima pasta bahasha ya mheshimiwa na yako pia usimpe, unataka ale nini?

Kwa hivyo kikundi cha vijana kinachotaka wanasiasa wakae kimya kanisani kianze na daftari: nani atatoa ngapi kila mwezi, hata kama ni mia moja. Halafu kiitishe hesabu zisomwe mbele ya washirika wote, matumizi ya pasta yakiwemo. Paa likichukua miaka mitatu, sawa tu. Ibada chini ya turubai tumeshaizoea.