Kukesha Moyoni Wakati wa Msimu wa Korosho



Wapendwa Taifa la Mungu, kila mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, Mtwara yetu hubadilika sura. Malori hupanga foleni nje ya maghala, na kutoka Newala na Tandahimba hadi huku pwani, karibu na mlango wa mto Ruvuma, mazungumzo yote huwa ya minada: bei imefika ngapi, makato ni kiasi gani, malipo yataingia lini. Huu ni msimu wa mavuno, nao ulipaswa kuwa msimu wa furaha. Hata hivyo, sisi tunaoishi na waamini huona pia jambo jingine. Tunaona watu waliopoteza usingizi, waume na wake wasiosemezana, na simu zinazochunguliwa hata wakati wa mageuzo. Mwili umepiga magoti kanisani, lakini moyo umebaki ghalani.

Hali hii wataalamu huiita msongo wa mawazo. Mojawapo ya dawa zinazotajwa sana ni mazoezi ya kuituliza akili na kuirudisha katika wakati uliopo: kuisikiliza pumzi, kutambua wazo linapokuja, na kuliacha lipite. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi hayo kwa majuma manane katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, akichota katika mapokeo ya Kibudha. Baadhi ya waamini wameuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuyafuata. Kanisa lilikwisha kuligusa suala hili katika barua ya mwaka 1989, iliyotolewa na Kongregasio ya Mafundisho ya Imani chini ya Kardinali Joseph Ratzinger. Kwa kifupi, yaliyo mema katika njia za wengine yaweza kupokelewa, mradi tusisahau kwamba sala ya Mkristo ni kukutana na Mungu aliye hai. Haiishii katika kujisikia vizuri.

Lakini kabla ya kwenda mbali, tutazame ndani ya nyumba yetu wenyewe. Wamonaki wa jangwa la Misri, katika karne ya 4, walijua vema jinsi mawazo yanavyomzunguka mtu kama nzi, nao walifundishana kukesha moyoni: kusimama mlangoni pa moyo na kuliuliza kila wazo linatoka wapi na linataka nini. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliigawa siku ya mmonaki kati ya sala, kazi na kusoma, ili mtu awepo kwa ukamilifu katika kila alifanyalo. Wanawe walifika Ndanda mwaka 1906, na tangu hapo kengele ya abasia imekuwa ikiwakumbusha watu wa Kusini kuwa kuna saa ya kushika jembe na kuna saa ya kuliweka chini. Yale wanayoyatafuta wengi leo kwa majina mapya, mababu zetu katika imani waliyaita kukesha.

Kukesha huku hakuna maana ya kutoifikiria kesho. Mkulima asiyepuliza salfa wakati wa kipupwe, ubwiriunga utamla maua yake, na hapo asimlaumu Mungu. Lakini akishapuliza na kupalilia chini ya miti, huanza kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kungoja. Korosho nzuri huokotwa baada ya kudondoka yenyewe. Anayeutikisa mti kwa pupa huangusha mbichi pamoja na zilizokomaa, na ghalani atapewa daraja la pili. Kupanga ni kufanya leo lililo la leo kwa ajili ya kesho. Kuhangaika ni kuutikisa mti.

Hapo ndipo penye hatari ambayo haimalizikii katika kukosa usingizi. Moyo uliochoka huamua vibaya. Tunaifahamu kangomba, biashara ya kununua korosho kwa mkulima kwa kibakuli, kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwa korosho hapa Mtwara mwaka 2007. Mara nyingi mnunuzi huyo huja jioni, wakati mtoto anaumwa au ada inadaiwa, naye huja na fedha mkononi. Mkulima aliyekwisha kuzungushwa na mawazo kutwa nzima hatazami tena kulia wala kushoto. Hauoni mlango mwingine, hata kama upo. Hutoa kwa usiku mmoja jasho la mwaka mzima, na asubuhi huongeza majuto juu ya umaskini. Ndiyo maana tunasema kwamba utulivu wa moyo si anasa ya watu wa mjini walioshiba. Kwa maskini, huenda utulivu ndio unaomwachia nafasi ya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kukubali.

Hata hivyo, hatutaki kueleweka vibaya. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada wakiziona kuwa ndogo mno. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Uhakiki ukachukua muda, na wengi waliuona mwaka 2019 ukiingia wakiwa bado hawajalipwa. Nani angethubutu kuwaambia watu wale kwamba wasiwasi wao ulikuwa upungufu wa imani, au kwamba wangevuta pumzi tu yangekwisha? Wasiwasi mwingine ni kilio cha haki. Mwenye kukesha hafumbi macho mbele ya dhuluma. Huiona vizuri zaidi, naye huidai haki yake bila kuipoteza nafsi yake.

Nasi mapadre hatuko nje ya somo hili. Tunakimbia kutoka kigango hadi kigango, na tukifika cha kwanza tumeshaanza kuwaza cha pili. Tunawawekea watu mikono kichwani bila kuwatazama machoni. Kwa hiyo haya tunayopendekeza tunajiandikia sisi wenyewe kwanza.

Kwanza, asubuhi tusiishike simu kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Tukae kitako, tuvute pumzi taratibu mara chache, tukikumbuka kwamba pumzi hiyo ni zawadi, na tumkabidhi Mungu siku hii moja.

Pili, saa sita mchana tusali Malaika wa Bwana, shambani, dukani au ofisini. Ni dakika chache tu, lakini hutosha kumrudisha mtu mahali alipo. Kisha tufanye kazi moja kwa wakati mmoja, na anayesema nasi tumsikilize mpaka mwisho.

Tatu, usiku tufanye uchunguzi wa dhamiri kama alivyofundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola: tushukuru, tutazame moyo ulikimbilia wapi mchana ule, tuombe msamaha. Lililo mikononi mwetu tulipangie saa kesho. Lisilo mikononi mwetu tumwachie Mungu kwa kulitaja jina.

Nne, jambo hili halimhusu mtu mmoja mmoja tu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo, inapokutana juma hili, ijiulize: ni nani kati yetu hana kitu hadi siku ya malipo? Debe la unga linalotoka kwa jirani kwa wakati wake laweza kumfungia kangomba mlango kuliko mahubiri yetu kumi. Na pale ambapo mwenzetu hali, halali, au anasema kuwa heri kufa, tusimwambie asali tu. Tumsindikize hospitali, kwa maana ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria, na daktari naye ni mkono wa Mungu.

Wapendwa, mama anayetafuta pweza Msimbati haamuru bahari ipwe. Huandaa fimbo yake, huzijua siku za bamvua, na maji yakitoka yupo pale, macho yake miambani. Hakuna anayemwita mvivu kwa sababu alingoja. Bwana wetu alilala chomboni katikati ya dhoruba, na alipoamshwa alisimama akaikemea. Tumwombe atujalie yote mawili: usingizi wake na ujasiri wake.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki ninyi na mashamba yenu.